Vidonge Vitatu

Usiku wa kipimo, Baba Zawadi ndiye aliyeniletea maji. Alikuwa ameweka alamu kwenye simu iite saa tano kasoro dakika tano, ingawa sote wawili tulikuwa macho, mimi nikipiga pindo sare za shule, yeye akijifanya anatazama habari. Ilipolia akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji na kisahani chenye vidonge viwili vidogo vyeupe.

"Ngoja ifike saa tano kamili," akasema. "Daktari alisema si kabla, si baada."

Nikangoja. Nikavimeza. Akaniangalia kooni kama anayehakikisha mtoto hajaficha dawa chini ya ulimi.

Alipopitiwa na usingizi nikaamka, nikaenda kwenye cherehani, nikafungua mkebe wa vifungo, nikatoa kidonge cha tatu. Hicho nilikimeza bila maji.

Hicho cha tatu ndicho kilichoniponza.

Mimi ni fundi wa nguo, upande wa Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni kupima watu, na nikwambie kitu ambacho mafundi wote wanakijua: watu hudanganya tepu. Mama wa watu anakuja kushonesha gauni la harusi, nikimzungushia tepu kiunoni anavuta tumbo ndani, anashikilia pumzi kama anapiga mbizi. Namwambia, "Pumua, dada." Ananiambia, "Napumua." Wiki mbili baadaye gauni limembana, na mwenye makosa ni nani? Fundi. Nimecheka sana na mafundi wenzangu juu ya wateja hao. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa mmoja wao, mbele ya daktari.

Hadithi yenyewe ilianza mwaka 2021, na ilianza na jiwe. Niliamka usiku na maumivu ubavuni ambayo sikuyapata hata kwenye uzazi. Tukaenda hospitali, nikapigwa CT skani, wakaona jiwe dogo limekwama njiani likitoka kwenye figo. Daktari wa siku ile akaniambia ninywe maji mengi, akaniandikia dawa za maumivu, akasema litatoka lenyewe. Kweli likatoka. Nikamshukuru Mungu, nikaiweka ile karatasi ya ripoti ndani ya bahasha, bahasha juu ya kabati, na juu yake zikaja vitenge, majora ya kitambaa, na miaka miwili.

Kwenye ile ripoti, mstari wa mwisho kabisa, chini ya habari za jiwe, palikuwa pameandikwa kwamba kwenye tezi ya adrenali ya kushoto kuna uvimbe wa sentimita 2.6. Ndiyo hiyo tu, sentensi moja. Hakuna aliyenisomea, na mimi mwenyewe sikuisoma, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa ninachoumwa.

Mwaka 2023 nikaanza kuumwa kichwa, kisogoni, asubuhi. Nilidhani ni macho, maana kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kumeshaanza kunishinda. Nikaenda kliniki ndogo nikapimwa presha: 158 juu, 98 chini. Sukari nayo ilikuwa mpakani. Kiuno changu, ambacho nakijua kwa inchi kama ninavyojua namba yangu ya simu, kilikuwa kimetoka 33 hadi 37 bila mimi kubadilisha chakula. Majirani walikuwa wameshatoa uamuzi wao. "Mama Zawadi, ndoa imekukubali!" Huku kwetu mwanamke akinenepa, sifa hupewa mume.

Yule daktari wa kliniki alikuwa binti mdogo, pengine hajafika 30. Akaniuliza kama nimewahi kupigwa picha yoyote ya tumbo. Nikakumbuka ile bahasha. Akaniambia niilete. Niliporudi nayo aliisoma mbele yangu yote, hata sehemu ya mapafu ambayo ilisema hakuna kitu. Alipofika mwisho akanyamaza, akasoma tena, kisha akaniuliza, "Hii ya adrenali, ulifuatiliwa?"

Nikamuuliza, "Adrenali ndiyo nini?"

Akachora. Figo mbili kama maharagwe, na juu ya kila figo tezi ndogo kama kofia iliyokaa upande. Tezi hizo zina kazi nyingi, na moja ni kutoa homoni inayoitwa kotisoli. Kotisoli ndiyo inayokuamsha: hupanda alfajiri, halafu hushuka mchana kutwa mpaka usiku wa manane ikawa chini kabisa. Bila hiyo mtu hufa. Ikizidi kwa muda mrefu, hupandisha presha na sukari, hula mifupa na misuli, na hurundika mafuta tumboni. Daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, aliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1912, na mpaka leo ugonjwa huo ukiwa mkali hubeba jina lake.

"Lakini usiogope," akasema. "Uvimbe kama huu huonekana kwa watu wengi tu wakipigwa picha kwa sababu nyingine, hasa umri ukisogea. Mwingi wala si saratani. Wako kwenye picha una mafuta mengi ndani yake, na hiyo ni dalili nzuri. Swali ni moja: je, umekaa tu, au unafanya kazi?"

Akanichunguza. Alitafuta michirizi ya zambarau tumboni, hakuona. Akaangalia mikono kama nina michubuko, hakuna. Akaniambia nikunje mikono kifuani nisimame kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, nikasimama. Akasema basi kama kotisoli imezidi, imezidi kidogo, ile ya kimyakimya ambayo huwezi kuiona kwa macho. Ndiyo sababu lazima ipimwe. Mwongozo wa madaktari wa homoni wa Ulaya, wa mwaka 2016 na ule mpya wa 2023, unasema kila mtu anayepatikana na uvimbe huo apimwe hivyo, hata kama hajisikii chochote. Mimi nilikuwa nimechelewa miaka miwili.

Kipimo chenyewe ni rahisi hata nikashangaa. Unameza miligramu moja ya deksamethasoni saa tano usiku. Saa mbili asubuhi unatolewa damu. Basi.

Deksamethasoni nilikuwa naijua. Mwanamke gani wa rika langu asiyeijua? Ni vile vidonge vya bei ya chini ambavyo wasichana hununua kwa siri ili wapate makalio na mashavu. Sikujua vina kazi nyingine. Daktari alinieleza hivi: deksamethasoni ni mfano wa kotisoli. Ubongo ukiiona kwenye damu unasema, inatosha, na unaacha kuzituma tezi. Tezi nzima ikikosa kutumwa inanyamaza, na asubuhi kotisoli inakutwa chini, isizidi 50 kwa kipimo cha nanomoli kwa lita. Lakini uvimbe unaojifanyia kazi wenyewe hausubiri kutumwa. Bosi amefunga duka, amezima taa, kibarua bado anashona. Asubuhi unakuta nguo ambazo hakuna aliyeziagiza.

Siku ya kupanga kipimo Baba Zawadi alikuja nami. Aliacha abiria wa tuktuk, akakaa kando yangu, kofia magotini. Daktari akachukua kalamu.

"Unatumia dawa yoyote? Za kumeza, za kupaka, sindano, mitishamba, za kupanga uzazi?"

Hapo ndipo nilipovuta tumbo.

"Hapana," nikasema. "Panadol tu, kichwa kikiuma."

Ukweli ni huu. Mtoto wetu wa pili, Rehema, alizaliwa kwa miezi saba, kilo moja na nusu, kwa sababu presha ilinipanda nikaanza kuona nyotanyota. Baba Zawadi alikuwa safarini. Alifika siku ya tatu, akanikuta nimekaa, mtoto yuko kwenye mashine, akasema Alhamdulillahi. Hakuona nilivyokuwa siku ya kwanza. Kwake yeye ule uzazi ulikuwa mgumu ukapita. Kwangu haukupita. Rehema alipotimiza mwaka, yeye na mama yake wakaanza maneno ya mtoto wa tatu, kwa upole, kwa utani, kila Idi. "Huyu Rehema atacheza na nani?" Mimi nikawa nasema, inshallah. Na kila mwezi nikawa napita kemisti ya stendi, nanunua pakiti ya vidonge, naificha ndani ya mkebe wa vifungo, chini, pale vilipo vifungo vyeusi vya suruali ambavyo hakuna mtoto anayevitaka kuchezea.

Miaka minne. Muuzaji hakuwahi kunipima presha hata mara moja. Mimi nami sikuuliza.

Na nilijiambia: kidonge kidogo vile kina uhusiano gani na figo na kofia zake?

Majibu yalikuja Jumanne kwa simu. Kotisoli 236. Daktari akasema ni kubwa kuliko alivyotarajia, tufike kliniki Jumatatu, na tujiandae kwamba huenda tukazungumzia upasuaji. Simu ilikuwa kwenye spika. Baba Zawadi akasikia yote.

Hakusema kitu. Usiku ule alikaa barazani na karatasi, akipiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta. Alhamisi nikamsikia akiongea na mtu: "Injini iko sawa kabisa. Tairi za nyuma ni mpya." Jumapili mnunuzi akaja. Nilikuwa kwenye cherehani, dirisha wazi. Mtu mnene, wa Bamburi. Akakaa kwenye tuktuk yetu, akapiga honi, akafunua mikeka, akalalamika kuhusu mkwaruzo wa ubavuni. Baba Zawadi, ambaye huiosha ile tuktuk kuliko anavyojiosha mwenyewe, alisimama kando mikono nyuma, akiitikia, "Ni kweli, ni kweli." Wakakubaliana bei. Yule mtu akaomba wiki moja akusanye pesa.

Nilikuwa nashona zipu. Niliishona upande mbaya mara mbili.

Jumatatu daktari alikuwa na ile namba mbele yake, na uso wake ulikuwa kama wangu mteja anapovaa gauni likagoma na mimi najua nilipima vizuri. Akaniangalia mikono tena, na tumbo tena. "Namba hii na mwili huu haviendani," akasema polepole. Kisha akamgeukia mume wangu. "Baba, naomba unisaidie. Nenda kalipe pale mbele, urudi na risiti."

Mlango ulipofungwa, akaweka kalamu chini.

"Mama Zawadi. Nakuuliza tena, na hakuna atakayelijua jibu lako ila mimi. Kuna vidonge vya kupanga uzazi?"

Nililia kabla sijajibu, kwa hiyo alishajua.

Hakunigombeza, na nadhani ningetamani anigombeze. Akanieleza tu. Kotisoli haitembei ndani ya damu peke yake. Nyingi hubebwa na protini fulani, kama abiria na gari. Estrojeni iliyo ndani ya vidonge vile hulifanya ini litengeneze magari mengi zaidi. Mashine ya maabara huhesabu kotisoli yote, iliyopanda gari na inayotembea kwa miguu, hivyo namba inapanda hata kama mwili wenyewe haujaonja ziada yoyote. Na si vidonge hivyo tu. Mtu anayemeza rifampisini ya kifua kikuu, au baadhi ya dawa za kifafa, ini lake huimaliza deksamethasoni kabla haijafanya kazi usiku ule, na asubuhi namba inatoka kubwa bure. Ndiyo maana wanauliza. Nilikuwa nikidhani lile swali ni la kujaza fomu. Kumbe lile swali ni nusu ya kipimo.

Halafu akaniambia la pili, lililoniuma zaidi: vidonge vyenye estrojeni havimfai mtu mwenye presha. Vyenyewe vinaweza kuipandisha, na vinaongeza hatari ya kiharusi. Ile namba 158 ilikuwa na washukiwa zaidi ya mmoja, na mmoja wao nilikuwa namlisha mwenyewe kila usiku.

"Kwa hiyo sina ugonjwa?"

"Sijui bado. Huenda huna, huenda unao. Wewe na mimi hatuwezi kujua mpaka uviache wiki sita, tupime tena. Kuna njia nyingine za kupanga zisizo na estrojeni. Na Baba Zawadi, hiyo ni kazi yako, si yangu. Mimi simwambii."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa na risiti mkononi, na soda moja, amenifungulia.

Nilimwambia usiku, watoto wamelala. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache. Nilikwenda nikauchukua mkebe, nikamwaga vifungo vyote juu ya kitanda, pakiti ikaanguka katikati. Aliitazama muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu Rehema alipotimiza mwaka."

Akahesabu. "Ungesema."

"Ungesikia?"

Hakujibu. Akatoka nje. Nikasikia maji ya bomba na ndoo. Saa nne na nusu za usiku, mtu anaosha tuktuk. Aliosha kwa saa nzima. Mimi nikawa naokota vifungo kimojakimoja, navitenga kwa rangi, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya na mikono yangu. Alipoingia miguu yake ilikuwa na maji. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo kwangu.

"Siku ile ya Rehema," akasema, "hakuna mtu aliyeniambia ulikaribia kufa. Waliniambia mtoto ni mdogo. Wewe pia hukuniambia."

Na ni kweli. Hilo nalo sikuwa nimelisema. Nilimhukumu kwa kutojua kitu ambacho nilimficha.

Tulikaa siku nne tukisalimiana tu. Siku ya tano nilimsikia kwenye simu na yule mtu wa Bamburi: "Samahani, ndugu yangu. Gari haliuzwi tena." Jioni akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akakitia mwenyewe ndani ya mkebe wa vifungo, chini, kwenye vifungo vya suruali. Mipira ya kondomu. Hatukuzungumza. Zawadi akauliza, "Baba umenunua vifungo?" akaitikia, "Ndiyo, vya kazi," na ndipo nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama mkwe alipopiga simu akaanza wimbo wake, nilisikia Baba Zawadi akimwambia, "Mama, hilo liache. Hawa wawili wanatosha." Yeye mwenyewe hakuniambia kwamba amesema hivyo.

Wiki sita zikaisha. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, 146 juu, 92 chini: bado mbaya, lakini mshukiwa mmoja alikuwa ameonekana. Daktari akapima na homoni nyingine ya tezi hizohizo, aldosteroni, kwa sababu anayepatikana na uvimbe huu akiwa na presha hupimwa na hiyo pia. Hiyo ikatoka sawa. Kisha usiku wa saa tano, alamu, glasi, kisahani, vidonge viwili. Safari hii viwili kweli.

Namba ilitoka 88.

Natamani ningekwambia ilitoka 30, ili hadithi iishe kwamba uongo ulinizulia ugonjwa na ukweli ukaniponya. Haikuwa hivyo. Uongo wangu haukuumba kitu. Uliongeza tu juu ya kilichokuwepo, kama mteja anayevuta tumbo: tumbo lipo, ila fundi halijui ukubwa wake. Ule uvimbe unafanya kazi kidogo, bila kutumwa. Homoni ya ubongo inayozituma tezi nayo ilipimwa ikakutwa chini, jambo linalothibitisha kwamba kule juu wameshaona kotisoli inatoka mahali pengine wakanyamaza. Daktari anaiita hali ya wastani. Hainifanyi kuwa mgonjwa wa Cushing. Lakini mtu mwenye hali hii yuko kwenye hatari zaidi ya presha, sukari, na moyo kuliko mwenzake asiye nayo, na ndiyo maana haiachwi ikasahauliwa juu ya kabati.

Sasa nina chaguo mbili. Naweza kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo, tezi ya kushoto itolewe, ya kulia ibaki ikifanya kazi ya wawili, na kwa muda nitumie dawa mpaka hiyo ya kulia iamke, maana imezoea kulala. Au nitibu presha na sukari, nipunguze kiuno, nipimwe kila mwaka. Bado tunapima uzito wa haya mawili. Nasema tunapima, kwa sababu yeye pia ana ripoti yangu kwenye simu yake, na ameisoma mpaka mstari wa mwisho, na ananiuliza maneno asiyoyajua kana kwamba mimi ndiye daktari.

Mwezi uliopita tulirudi kuchukuliwa damu nyingine. Sista mpya, hatujuani, amechoka, ana foleni ndefu nyuma yetu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Unatumia dawa yoyote?"

Nikapumua. Nikamtajia ya presha, na miligramu zake. Nikamtajia koili ya shaba niliyowekewa. Nikamtajia mafuta ya kuchua goti aliyonipa shangazi, ambayo sijui yana nini ndani, na nikamwonyesha kichupa. Nikasema za kupanga uzazi zenye estrojeni niliacha, na nikamtajia tarehe.

Sista akawa anaandika. Baba Zawadi, kofia magotini, akanigusa kiwiko.

"Na ile Panadol ya juzi," akasema.